Dawa Imo Ndani ya Mche



Niliombwa nizungumzie maradhi ya mimea kwa jumla. Nimeona niyaache mengine nishike moja tu, chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, maana anayeujua ugonjwa huu vizuri amekwisha kujua mengi kuhusu jinsi kuvu inavyoishi kwa jasho la mkulima. Mwenye kihamba Kilimanjaro, au shamba Meru na Mbinga, hahitaji kuelezwa hasara yake. Nilichokuja kukisema ni kingine. Kinga ya chulebuni ilikwisha kupatikana, imo ndani ya mche wenyewe, ilitafutwa na kuthibitishwa hapa hapa Afrika, na bado fedha na nguvu zetu nyingi zinaishia kwenye bomba la kupulizia badala ya kitalu.

Tuanze na tunda. Chukua tunda bichi la kahawa lililotimiza wiki nane hivi tangu ua linyauke. Bado ni laini, limejaa maji, linanenepa kila siku. Mvua imenyesha usiku kucha na matawi hayajakauka. Kwenye ngozi ya tunda kuna nukta ya kahawia iliyokoza, ndogo kuliko kichwa cha pini. Baada ya siku chache nukta imekuwa doa, doa limebonyea ndani, na hali ya hewa ikibaki na unyevu utaona juu yake vijitone vyenye rangi ya waridi iliyofifia, vinavyonata ukivigusa. Ndani ya kila kitone kuna spora maelfu kwa maelfu, yaani mbegu za kuvu. Pasua tunda hilo kwa kisu: mahali pa buni mbili nyeupe umekaa uozo mweusi. Wiki zikipita linakuwa ganda kavu, ama limeanguka chini, ama limeng'ang'ania tawini. Na wakati wote huo majani ya mbuni ni ya kijani, shina ni zima, mpita njia anasifu shamba. Chulebuni hauui mti. Unakula mavuno na kumwachia mkulima mti wa kupalilia, kupogolea na kuwekea mbolea mwaka hadi mwaka.

Kuvu yenyewe kitaalamu inaitwa Colletotrichum kahawae, jina iliyopewa mwaka 1993 na J. M. Waller na wenzake, akiwamo mtafiti wa Uganda, Georgina Hakiza. Spora zake hazipeperushwi na upepo kama zile za kutu ya majani, ugonjwa mwingine wa kahawa. Zimefungwa ndani ya ute, na ute huo huyeyushwa na maji. Tone la mvua likilipiga tunda gonjwa huzirusha kwenye matunda ya jirani na ya matawi ya chini. Hapo zinahitaji utando wa maji usiokauka kwa saa tano hivi au zaidi, na hewa ya ubaridi wa wastani, karibu nyuzi 20 na kidogo. Zikiupata, kila spora huchipua, ncha ya chipukizi huvimba na kujigandisha kwenye ngozi ya tunda, kisha kutoka chini ya uvimbe huo husukuma kijisindano kinachotoboa ngozi. Haisubiri jeraha wala mdudu wa kuifungulia njia.

Ukiyajua hayo unaelewa kwa nini ugonjwa ni mkali kwenye miinuko ya mita 1,500 na zaidi, ambako ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka, na kwa nini mashamba ya chini yenye joto husalimika. Unaelewa pia kwa nini kihamba kilichosongamana, ambacho mibuni yake haijapogolewa na migomba imefunga juu, kinaumwa kuliko kile kinachopitisha hewa. Tunda lenyewe lina umri wa hatari. Kuanzia wiki ya nne hadi ya kumi na nne hivi baada ya maua, linapokua haraka, ngozi yake hupenyeka. Buni ikishakuwa ngumu tunda hukataa, na likiiva udhaifu hurudi kidogo. Mwaka wenye mvua nyingi, shamba lisilo na kinga yoyote linaweza kupoteza hadi asilimia 80 ya matunda.

Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 magharibi mwa Kenya, upande wa Mlima Elgon. Aliyeuchunguza ni J. McDonald, mtaalamu wa kuvu wa idara ya kilimo ya wakati ule. Walowezi waliokuwa wamepanda kahawa kwenye nyanda za juu magharibi ya Bonde la Ufa walipata hasara kubwa hata wengi wakaing'oa, na sehemu kadhaa za nyanda hizo leo ni mashamba ya chai. Bonde la Ufa, kwa ukavu na joto lake, liliuzuia kwa miaka kadhaa usivuke. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulikuwa umevuka na kuenea kwenye kahawa ya Kenya ya kati. Tanzania uliingia mwaka 1964. Ethiopia, kwenye asili ya kahawa aina ya arabika, ulionekana mwaka 1971. Hadi leo haujatoka nje ya bara hili: Brazil, Colombia na Vietnam hawana chulebuni, wanauogopa, na wanatuma mbegu zao zikapimwe Oeiras, Ureno, kwenye kituo cha utafiti wa kutu ya kahawa kilichoanzishwa mwaka 1955. Sisi tunaishi nao.

Jawabu la kwanza lilikuwa dawa, hasa za shaba, ile jamii ya mrututu ambayo wakulima wengi huiita kopa. Habari za dawa hizi zina mafunzo mengi kuliko tulivyozoea kuyasimulia. F. J. Nutman na F. M. Roberts, waliofanya kazi Kenya, walionyesha kwamba kuvu hujificha pia kwenye magome ya vijiti vichanga, wakashauri mkulima apulize mapema, kabla ya mvua, ili aikute huko. Ushauri ukafuatwa. Lakini katika miaka iliyofuata, watafiti waliochunguza upya waliona kwamba chanzo kikubwa cha spora wakati wa hatari ni matunda yenyewe yaliyougua, na kwamba dawa iliyopulizwa wakati usiofaa inaweza kuongeza ugonjwa badala ya kuupunguza. Mojawapo ya sababu ni kwamba kwenye gome na ngozi ya tunda wanaishi viumbe wadogo wengine wanaoibana kuvu hii, nao shaba huwaua. Ratiba ikabadilishwa. Mkulima wa nyanda za juu akatakiwa apulize mara sita, saba, hata nane kwa msimu, katikati ya mvua ile ile inayoosha dawa.

Kisha ikaja benomili, dawa inayopenya ndani ya mmea, ikashangiliwa. Kabla miaka ya 1970 haijaisha kuvu ya Kenya ilikuwa imeizoea. Shaba yenyewe kuvu haikuizoea, ila ardhi inaibeba: mashamba yaliyopulizwa kwa miongo kadhaa yana shaba nyingi kwenye udongo wa juu, nayo haiozi wala haiendi mbali.

Juu ya yote kuna bei. Kenya, gharama ya kupambana na chulebuni na kutu ya majani kwa dawa imekadiriwa kufikia asilimia 30 ya gharama zote za kuzalisha kahawa. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa kiasi cha kahawa ambacho kila nchi inauza yalivunjika, na bei ikaporomoka. Miaka michache baadaye, biashara ya kahawa ilipofunguliwa hapa Tanzania, utaratibu wa zamani wa chama cha msingi cha ushirika kumkopesha mwanachama pembejeo na kukata kwenye malipo ukalegea. Mwenye mibuni mia nne na watoto wanaosoma angefanyaje? Aliacha kupuliza, kuvu ikaja, tunda likapungua, na tunda lilipopungua fedha ya dawa ya msimu uliofuata ikazidi kuwa mbali. Wengine waling'oa kahawa wakapanda mahindi na nyanya, nami sioni wa kuwalaumu. Kinga inayonunuliwa upya kila msimu huanguka siku bei ya zao inapoanguka, na bei ya kahawa haipangwi Moshi.

Sasa niwapeleke Ethiopia, maana huko ndiko nilikojifunza kuutazama ugonjwa huu kwa macho mengine. Ulipoonekana mwaka 1971 taharuki ilikuwa kubwa, nchi nzima inategemea kahawa. Raoul Robinson, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Waethiopia wa kituo cha utafiti cha Jimma, waliona jambo ambalo Kenya na Kilimanjaro lisingeonekana. Kahawa yetu ilitokana na mbegu chache zilizoletwa na wamisionari na walowezi, miti yake ni ndugu wa karibu, akishindwa mmoja wameshindwa wote. Mashamba na misitu ya Ethiopia ina miti ya nasaba nyingi. Kwenye shamba moja utakuta mbuni usiobakiza hata tunda, na hatua tatu kutoka hapo mbuni mwingine umebeba matawi yanayoinama, na madoa machache tu makavu ya rangi ya majivu.

Kazi yao ilikuwa kutembea. Walikwenda kwenye maeneo yaliyopigwa vibaya zaidi na kutafuta ile miti iliyosimama na matunda yake katikati ya mingine iliyoteketea. Walichuma mbegu zake, wakaipima miche, wakapanda, wakaitia ugonjwa kwa makusudi, wakabakiza iliyostahimili. Miti mama iliyochaguliwa mwaka 1974 ilipewa namba zinazoanza na 74, na baadhi ya aina hizo, kama 74110 na 74112, zilikuwa mikononi mwa wakulima kabla ya miaka kumi kupita tangu ugonjwa uonekane. Leo wanunuzi wa kahawa bora ulimwenguni huziandika namba hizo kwenye mifuko yao kama sifa.

Kenya haikuwa na msitu wa kahawa wa kuuendea, kwa hiyo ilipita njia ndefu. Mwaka 1971 kituo cha utafiti cha Ruiru kilianza mpango wa kuzalisha aina yenye ukinzani. Walikusanya wazazi kutoka mbali. Rume Sudan ilitoka uwanda wa Boma, kusini mwa Sudan ya zamani. Chotara wa Timor ni uzao wa bahati wa arabika na robusta uliogunduliwa kwenye kisiwa cha Timor katika miaka ya 1920. K7 iliteuliwa Kenya kwenyewe. Mwaka 1980 H. A. M. van der Vossen na D. J. Walyaro walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba ukinzani wa wazazi hao unabebwa na jeni tatu zilizo mahali tofauti, na kwa hiyo zinaweza kukusanywa ndani ya mti mmoja.

Mti wenye jeni hizo hufanyaje? Hauizuii kuvu isitue, wala isitoboe. Kuvu ikishaingia, chembe za tunda zilizo chini ya pale ilipopenya hugawanyika haraka na kujenga ukuta wa gamba gumu, kama watu wanaokimbilia kufyeka njia ya moto mbele ya nyika inayowaka. Kuvu inabanwa juu juu, inakosa chakula, na doa linabaki kovu kavu. Ndilo lile doa la rangi ya majivu waliloliona watembezi wa Ethiopia.

Ugumu ulikuwa kwenye muda. Mbuni unataka miaka mitatu hivi kabla ya kutoa matunda ya kupima. Ruiru walipata njia ya mkato: miche ya wiki sita, ambayo bado ni kijiti chenye majani ya mwanzo, hunyunyiziwa maji yenye spora milioni 2 kwa kila mililita, huwekwa kwenye unyevu na ubaridi, na baada ya wiki tatu hivi shina lake changa linaonyesha nani atafia hapo na nani atajenga ukuta. Maelfu ya miche hufa kwenye masanduku hayo. Inayobaki ndiyo inayoendelea na safari.

Mwaka 1985 ikatoka Ruiru 11. Ni chotara, na mbegu yake hutengenezwa kwa mkono. Maua ya kahawa hufunguka kwa pamoja siku chache baada ya mvua ya kwanza na hayakai. Kabla hayajafunguka, wafanyakazi huyaendea moja moja kwenye mti mama, huyang'oa petali pamoja na viume vyake, hulifunika tawi kwa mfuko, kisha huja na chavua ya mti baba. Mbegu nyingi sana za Ruiru 11 zilizopandwa Kenya zilipita kwenye vidole hivyo, na ndiyo maana kwa miaka mingi hazikuwatosha waliozihitaji. Mwaka 2010 ilifuata Batian, yenye nasaba kubwa zaidi ya SL28, aina ya zamani ya Kenya, na ambayo mbegu yake haihitaji kuchavushwa kwa mkono.

Niseme neno kuhusu ladha, kwa sababu lawama hii imewatisha wakulima. Ruiru 11 ilisemwa sana na wanunuzi kwamba haifikii SL28, ile aina iliyochaguliwa kwenye maabara za Scott kule Kabete katika miaka ya 1930, kutokana na mbegu za Tanganyika kutoka mibuni iliyoonekana kuvumilia ukame. SL28 ni kahawa nzuri mno, hilo halina ubishi. Ila naona hukumu ile ilitolewa kwa haraka na kurudiwa kwa uvivu. Kahawa iliyopandwa juu, ikachumwa nyekundu, ikaoshwa na kukaushwa kwa uangalifu, hupata alama zake iwe ya aina ya zamani au chotara. Anayeonja kikombe London hapulizi dawa mara nane kwenye mvua akiwa na bomba la lita 15 mgongoni. Mizani ya ubora inayosahau afya na mfuko wa mzalishaji imepungua uzito upande mmoja.

Swali la wanafunzi huwa ni hili: je, kuvu haitauzoea ukinzani kama ilivyoizoea benomili? Ni swali la haki, na uangalizi hauruhusiwi kulegea. Lakini kuna sababu ya kutumaini. Kuvu hii haijulikani kuwa na uzazi wa kijinsia. Inajinakili yenyewe, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha makundi matatu tu yanayofanana sana ndani yake, moja la Angola, moja la Cameroon na moja la Afrika Mashariki. Isiyochanganya damu hubadilika polepole. Aina zilizotolewa Ethiopia miaka ya 1970 na Ruiru 11 ya 1985 zimedumu na ukinzani wake mashambani kwa miongo kadhaa, na kwa ugonjwa wa mmea hiyo ni nadra.

Kwetu Tanzania, kazi ya kituo cha utafiti cha Lyamungo iliendelezwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanza shughuli mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2005 aina mpya za arabika zinazokinza chulebuni na kutu ya majani zimekuwa zikitolewa. Aina zipo. Kinachopungua ni miche, maana aina hizi huzalishwa sana kwa vikonyo ili mtoto afanane na mama kabisa.

Kikonyo kinataka uangalifu ambao haufundishwi kwa kipeperushi. Hukatwa kwenye maotea, yale machipukizi yanayosimama wima. Ukikata tawi la pembeni, litaota mizizi lakini litakupa mmea unaotambaa usiosimama kamwe. Otea hukatwa vipande vyenye pingili moja, majani yake mawili hupunguzwa nusu ili yasipoteze maji, kisha kipande huchomekwa kwenye sanduku la mchanga na udongo chini ya nailoni na kivuli. Mizizi hutoka baada ya miezi mitatu au minne. Nimekiona kitalu kizuri kikikauka kwa wiki moja kwa kuwa msimamizi hakulipwa na hakuna aliyemwagilia. Miche ile ingekuwa kahawa ya familia nyingi. Fedha iliyokosekana ilikuwa ndogo mbele ya bili ya dawa ya kijiji hicho hicho kwa msimu mmoja, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Na nyuma ya kitalu kuna msitu. Mwaka 2012 wanasayansi walirudi uwanda wa Boma, Sudan Kusini, ilikotoka Rume Sudan, wakakuta kahawa ya mwitu imebaki sehemu ndogo kwa sababu ya kukatwa miti na moto. Misitu ya kahawa ya Ethiopia nayo inapungua kwa kilimo na makazi. Ugonjwa ujao wa kahawa, ambao sisi hatujaupa jina, huenda mti unaoukinza umesimama huko sasa hivi, na huenda umekatwa kuni juzi. Serikali zetu zinazokutana kujadili bei ya kahawa zikutane pia kujadili misitu hiyo, na Tanzania ichangie, maana tunakula matunda yake.

Kwa mwenye kihamba ushauri wangu ni wa hatua. Asiing'oe mibuni yote kwa mkupuo akakaa miaka mitatu bila kipato. Abadilishe safu chache kila mwaka, aanzie palipo na unyevu mwingi. Safu za zamani zinazosubiri zamu azipogolee, apunguze majani ya migomba, achume makavu meusi yote yaliyobaki tawini na kuyafukia, na apulize kwa ratiba ya bwana shamba wa eneo lake, kwa sababu ratiba ya Mbinga haifai Rombo. Kwa chama cha msingi ombi langu ni bustani mama moja ya aina zilizothibitishwa, sanduku la vikonyo, na msimamizi anayelipwa kila mwezi kutokana na makato ya kahawa, kama tunavyomlipa mlinzi wa ghala. Tangu kikonyo kukatwa hadi kuwa mche wa kupanda ni kati ya miezi minane na kumi na miwili, kwa hiyo wanaotaka kupanda masika ya mwakani wana wiki chache tu za kuanza. Mwenyekiti, ningependa maswali yaanzie hapo: ni chama gani kina mahali penye maji ya kudumu, na nani atakisimamia kitalu.